Uliza Ujenzi: Vyumba Vitatu Milioni 38, Vyumba Vitatu Milioni 55, Tofauti Iko Wapi?

Mwezi huu barua karibu zote ni za bei za ramani, nadhani watu wamekaa sana Instagram. Nimechagua nne. Ya dada wa Goba nimeijibu kwa kirefu maana humo ndani kuna maswali ya wengi, nyingine fupi fupi.

SWALI: Habari ya kazi kaka. Mi ni mama wa watoto watatu, tunakaa Goba kwenye nyumba ya kupanga na tuna kiwanja chetu mita 20 kwa 25. Nimekusanya ramani mtandaoni mpaka zimebaki tatu. Ya kwanza vyumba vitatu paa la kawaida, mita za mraba 96, imeandikwa "milioni 38 mpaka kupaua". Ya pili vyumba vitatu ile ya kuficha bati, mita 128, "milioni 55 mpaka kuhamia". Ya tatu ni kighorofa vyumba vinne, mita 170, "milioni 90 makadirio ya vifaa". Mume wangu anasema tuchukue ya kwanza maana ndo rahisi, mi roho yangu iko kwenye ya kuficha bati. Ipi kweli ni rahisi, na kwanini vyumba vitatu kwa vitatu vipishane milioni 17? – Mama wa Goba

Dada yangu, pole na kodi. Rudi kwenye hayo maneno uliyoninukulia mwenyewe chini ya kila picha, maana nusu ya jibu iko hapo. Moja mpaka kupaua, nyingine mpaka kuhamia, nyingine vifaa tu bila hela ya fundi. Huyu kakutajia bei ya kitambaa, yule bei ya gauni lililoshonwa, na wa tatu kakutajia kitambaa kizuri zaidi ila cherehani hajaihesabu. Ukizipanga namba hizo tatu kwenye karatasi ukasema hii ndogo hii kubwa utakuwa hujalinganisha kitu.

Cha kufanya ni kuzivuta zote zifike mahali pamoja kwanza, tuseme mpaka kuhamia. Ya kwanza ikishapauliwa bado plasta, sakafu, dari la jipsamu, milango, madirisha ya aluminiamu na grili, umeme, mabomba, marumaru, rangi, shimo la maji taka. Kwenye nyumba za kawaida ninazozipigia hesabu, umaliziaji unameza hela inayokaribiana sana na boma lililopauliwa, na ukipenda vitu vya shoo unapita kabisa. Kwa hiyo milioni 38 ya mume wako isome kama milioni 70 hivi. Gawa kwa mita 96, unapata kama laki 7 na elfu 30 kwa mita ya mraba.

Kighorofa cha milioni 90 ni vifaa tu, weka ufundi juu yake, robo mpaka theluthi ya vifaa kutegemea na fundi na eneo, unafika milioni 112 mpaka 120, gawa kwa 170 unapata kati ya laki 6 na elfu 60 na laki 7 na elfu kidogo. Umeona? Kighorofa kilichokuwa kinatisha kwa mita ya mraba kimekaa pale pale na kijumba cha kwanza, na hapo bado nina wasiwasi kama nondo zimehesabiwa vizuri.

Sasa njoo kwenye hiyo roho yako ilipo. Milioni 55 mpaka kuhamia, mita 128, ni laki 4 na elfu 30 kwa mita. Nyumba ya kuficha bati imekuja chini kuliko ya paa la kawaida kwa karibu laki 3 kila mita? Mi hiyo siiamini. Simuiti mtu mwongo, ila aliyeandika hiyo bei ama anatumia bei za miaka iliyopita ama kuna vitu kaviruka, na kazi yako ni kumuomba mchanganuo, karatasi inayoonyesha mifuko mingapi ya simenti, tofali ngapi, nondo za milimita ngapi na vipande vingapi. Akikuambia "ni makadirio tu dada" basi mshukuru kwa picha nzuri uendelee na safari.

Tuje kwa nini vyumba vitatu kwa vitatu vinapishana. Watu wengi wanadhani bei ya nyumba inafuata idadi ya vyumba vya kulala, kumbe chumba cha kulala ndo kitu rahisi kuliko vyote ndani ya nyumba, ni kuta nne, mlango, dirisha, taa na soketi mbili. Hela inaliwa na kuta za nje, paa, na vyumba vyenye maji.

Anza na kuta. Nyumba ya mita 10 kwa 10 ina mita za mraba 100 na ukuta wa nje unazunguka mita 40. Nyumba ya mita 5 kwa 20 nayo ina mita 100 zile zile, lakini ukuta wake unazunguka mita 50. Hizo mita 10 zilizoongezeka, kwa kimo cha mita 3, ni mita za mraba 30 za ukuta, na ukuta wa tofali za inchi 6 unakula kama tofali 10 kila mita ya mraba ukihesabu na zinazovunjika, kwa hiyo hapo tofali 300 zimekwenda bila kupata hata sehemu ya kuweka stuli. Na sio tofali tu, chini yake kuna msingi (na tofali za msingi zinalazwa, zinakwenda nyingi zaidi), juu yake kuna mkanda wa zege wa lenta, pembeni plasta ndani na nje na rangi. Halafu zile ramani zenye kona kona, ukuta umeingia ndani umetoka nje, kila ukiuingiza mita 2 katikati ya upande mmoja unaongeza mita 4 za ukuta na hapo hapo umepoteza eneo. Kwenye picha inapendeza kweli. Fundi naye inampendeza, maana kona ni siku za kazi.

Paa sasa, hapa nakaa kidogo kwa sababu ndo penye ugomvi wenu na mzee. Chukua hiyo ya mita 96 tuseme ni mita 8 kwa 12. Ukitoa bati nje sentimita 60 kila upande unafunika eneo la mita 9.2 kwa 13.2, yaani kama mita 121. Hiyo ni kama paa lingekuwa limelala kabisa. Likiinuka nyuzi 15 unahitaji bati za mita 126 hivi, likiinuka nyuzi 30 unafika 140, na haya mapaa marefu ya nyuzi 45 yanayoonekana kama kanisa unafika 172. Nyumba ile ile, watu wale wale wanalala chini yake, bati zimeongezeka mita 46, na mbao za kenchi, yaani fremu inayobeba bati, zinaongezeka pamoja nazo. Ongeza na mabonde, pale pande mbili za paa zinapokutana kwa ndani: kila bonde ni bati zinakatwa mshazari vipande vinatupwa, na ni mahali maji yanapenda kupita. Paa la pande mbili tu lenye kofia moja juu ndo la bei nafuu kuliko yote, na kama fundi kajua kazi linakaa miaka bila kukuita.

La kuficha bati linadanganya macho. Bati limelala karibu na usawa na halitoki nje ya ukuta, kwa hiyo kwenye nyumba hiyo hiyo ya 8 kwa 12 utatumia bati za mita 97 au 98 tu, umeokoa kama mita 42 ukilinganisha na lile la nyuzi 30. Hapo ndo muuza ramani anakwambia "ni rahisi zaidi dada bati chache". Sawa, sasa geuza karatasi. Ili bati lifichwe ukuta lazima upande juu kama mita moja kuzunguka nyumba nzima, mita 40 mara mita 1, tofali 400. Ukuta huo unapigwa plasta pande zote mbili, mita 80. Unahitaji mkanda wa zege usije ukalala na upepo. Maji yote ya mvua yanaingia kwenye gata la ndani, sio linaloning'inia nje ambalo likivuja linavujia uani, hili likivuja linavujia kwenye jipsamu yako ya sebuleni. Kwa hiyo unaweka dawa ya kuzuia maji, unaweka mabomba ya kushusha yenye upana wa kutosha, na kila mwaka kabla ya masika ya Machi unapandisha mtu juu akatoe majani. Na kwa kuwa bati halitoki nje, mvua inapiga ukuta na madirisha moja kwa moja, jua la saa nane vile vile, ndo maana ukitembea mitaa yenye nyumba hizi baada ya miaka michache unaona zile michirizi nyeusi ukutani. Sisemi usijenge. Ila usijenge kwa sababu umeambiwa ni rahisi, jenga kwa sababu unaipenda na hela ya ziada unayo.

Ghorofa nitasema machache. Linaokoa msingi na paa, maana mita 170 zikigawanywa mara mbili paa linafunika 85 tu. Lakini zege la katikati, ukitoa tundu la ngazi ni kama mita 80, unene sentimita 15, hapo unamwaga mita za ujazo 12, ni kama mifuko 78 ya simenti na nondo tani moja kwenda juu, na sijagusa nguzo, bimu, mirunda na mbao za kusetia. Ngazi nayo inakula eneo chini na juu. Na siku hizi hata LUKU inajua una ghorofa: kodi ya jengo ilipoanza kukatwa kwenye umeme 2021 nyumba ya kawaida ilikuwa shilingi 1,000 kwa mwezi, tangu 2023 ni 1,500, wakati ghorofa ni 7,500, na mijini inahesabiwa kila sakafu. Mwenye kiwanja kidogo sehemu ya ardhi ghali hana jinsi, anapanda juu. Nyie mna mita za mraba 500, nyumba ya 96 haijagusa hata robo.

La mwisho kwenye barua yako uliandika pembeni kwamba ungependa vyumba vyote viwe self, kila kimoja na bafu lake. Dada, hapo ndo milioni zinapojificha. Bafu dogo la mita 1.5 kwa 2.2, ukiweka marumaru ukutani mpaka mita 2.1, unakula kama mita 17 za marumaru na sakafu, bado sinki, kiti, bomba la mvua, mlango, chemba nje. Vyumba vitatu self na choo cha wageni ni mabafu manne. Weka bafu la masta moja na la pamoja moja, yawe yamepakana ukuta na jiko yatumie njia moja ya mabomba, na wanao watapigana foleni asubuhi kama tulivyopigana sisi.

Kwa hiyo mzee kashinda kwa sababu ambayo hakuisema, sio milioni 38 bali umbo na paa. Mwambie pia nyumba yake kwa kweli iko kwenye milioni 70.

SWALI: Salamu kutoka Mombasa. Mimi na mke wangu tunataka kununua, si kujenga. Tumeona apatimenti ya vyumba vitatu Nyali, milioni 9.5 za Kenya, wametuambia mita 125, ada ya ulinzi, usafi na lifti elfu 9 kwa mwezi. Mezoneti, ile nyumba yenye ngazi ndani, Mtwapa milioni 13, futi za mraba 1,800. Bangalo Kikambala milioni 8.4, futi 1,300, ploti ya 50 kwa 100, na ploti tupu jirani zinauzwa milioni 2.5. Hatujui tulinganishe vipi. – Baba Salma

Baba Salma, karibu. Kwanza mmetupiwa mita huku na futi kule, na hili sidhani ni bahati mbaya, futi 1,800 inasikika kubwa kushinda mita 125. Mita moja ya mraba ni futi 10.76. Mezoneti ni mita 167, bangalo ni mita 121. Ukigawa bei, apatimenti ni shilingi 76,000 kwa mita, mezoneti kama 78,000, bangalo kama 69,000. Zinafanana eeh? Subiri.

Ile 125 ya Nyali muulize kama ni ndani ya kuta zenu au wamejumlisha baraza na fungu la korido na ngazi. Wauzaji wengi hupenda namba kubwa. Nenda na futi kamba mkapime wenyewe, ikitoka mita 100 basi bei yenu ni 95,000 kwa mita. Kikambala nako mmeweka ardhi ndani ya bei ya nyumba, itoeni: 8.4 toa 2.5 inabaki 5.9, gawa kwa 121, jengo lenyewe ni kama 49,000. Sasa tofauti imeonekana, karibu mara mbili, na ardhi ndo kitu pekee hapo ambacho hakichakai. Ila bangalo ni paa lako, tangi lako, ukuta wako, na chumvi ya bahari inakula bati na grili bila huruma, kwa hiyo kabla hamjalipa panda dari mtazame misumari na mbao, na uangalie kama nondo zimeanza kupasua zege kwenye nguzo za baraza.

Ile elfu 9 ni 108,000 kwa mwaka, miaka kumi ni zaidi ya milioni moja kama haitapandishwa, na itapandishwa. Ushuru wa stempu nao uwekeni, ni asilimia 4 kwenye miji na manispaa na 2 nje ya hapo, kwa hiyo Nyali pekee ni 380,000, na hizo nyingine mbili wakili wenu awaambie ziko upande gani. Na tangu sheria ya 2020 ya umiliki wa sehemu za majengo mwenye apatimenti anatakiwa kupata hati ya nyumba yake, basi msikubali hadithi ya kupewa cheti cha hisa za kampuni badala ya hati.

Mezoneti mimi ningeiuliza swali moja tu: mnagawana ukuta na jirani? Kama ndio, na uwanja ni wa pamoja, basi mnalipa bei ya nyumba ya kujitegemea kwa kitu ambacho ni apatimenti yenye ngazi ndani. Mkiwa na mama mzee nyumbani hizo ngazi mtazikumbuka kila siku.

SWALI: Shikamoo. Niko Kahama nina eneo nataka nyumba ya wapangaji. Fundi kanipa bei mbili: nyumba ya Kiswahili vyumba sita, korido katikati, choo na bafu uani, milioni 28. Au nyumba nne za chumba na sebule, kila moja na choo na jiko lake, milioni 55. Chumba kimoja kinapangishwa 40,000, chumba na sebule self 120,000. Nifanye ipi? – Kijana wa Kahama

Marahaba mdogo wangu. Vyumba sita kwa 40,000 ni 240,000 kwa mwezi, milioni 28 inarudi kwa miezi 117 hivi. Nne kwa 120,000 ni 480,000, milioni 55 inarudi kwa miezi 115. Yaani ni kitu kimoja, miaka tisa na nusu na ushee, kwa hiyo usichague kwa kuangalia marejesho. Angalia hela uliyonayo sasa. Nyumba ya Kiswahili ni rahisi kwa sababu maji yote yako sehemu moja uani, mabomba mafupi, na ukimaliza vyumba viwili vya mbele unapangisha huku unajenga vya nyuma. Chumba kikikaa tupu unapoteza moja ya sita, kule ukipoteza mpangaji mmoja imeondoka robo. Ila vyumba sita kwenye mita moja ya LUKU na choo kimoja, utakuwa msuluhishi kila Jumapili, nani kachoma umeme nani hajafagia. Zile nne kila mtu na mita yake, wewe unasubiri kodi tu.

Kama una milioni 28 taslimu jenga mbili kati ya zile nne, na msingi wa mbili zilizobaki uuchimbe baadae. Milioni 28 hiyo itatosha kwa shida kidogo maana shimo la maji taka na njia ya umeme unalipia mara moja mwanzoni, kwa hiyo mbili za kwanza zinapita nusu ya bei.

SWALI: Niko Muscat, nimenunua ramani mtandaoni 150,000, naweza kuitumia kuombea kibali cha ujenzi nyumbani Morogoro? – Dada wa Oman

Kama haina jina na muhuri wa mbunifu aliyesajiliwa, hapana, halmashauri watairudisha. Mtafute msajiliwa aichore upya kwa vipimo vya kiwanja chako, kwanza hata haijui kiwanja chako kina mteremko kiasi gani, na mteremko peke yake unaweza kukuongezea kozi kadhaa, yaani mistari ya tofali, za msingi upande mmoja. Ile laki na nusu ihesabu umenunua picha.